Barua ya Kazi ni ya Nani?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno ambalo kwa kulitazama upesi laonekana dogo, hata mtu aweza kuuliza kwa nini lipewe nafasi katika gazeti letu. Neno lenyewe ni hili: Mtumishi wa serikali akiandika barua za kazi kwa anwani yake mwenyewe, ile atumiayo kumwandikia mkewe na rafiki zake, je, ametenda kosa? Na ikiwa ametenda kosa, amemkosea nani? Hakuiba fedha. Hakumpiga mtu. Labda barua yenyewe ilikuwa njema, na kazi ikaendelea upesi kuliko desturi. Basi, kosa li wapi?

Twauliza hivi kwa sababu siku hizi barua nyingi za wenye amri haziandikwi tena kwa karatasi. Hata huku kwetu Nyabibuye, katika nchi ya juu ya Kigoma, ambako mvua ikinyesha sana njia hugeuka matope na gari hukwama, barua pepe hufika kwa dakika moja ikiwa simu imepata mtandao. Hiyo ni baraka, wala hatuilaumu. Walakini kila njia mpya huja na swali lake, na swali hili latuhusu sisi watu wa vijijini kuliko watu wa mijini, kwa maana mtu wa mjini barua yake ikipotea aweza kwenda ofisini kesho yake, bali sisi safari ya ofisini ni nauli na siku nzima ya kazi ya shamba.

Yafaa kwanza tueleze jambo lilivyo. Barua ya karatasi ilipofika bomani ilipokewa na karani wa masjala. Akaipiga mhuri wa tarehe, akaiandika katika daftari ya barua zilizopokewa, kisha akaitia katika jalada lenye namba yake. Jibu lilipopelekwa, nakala yake ilibaki jaladani. Bwana aliyeiandika alipohamishwa, jalada halikuhama naye. Mgeni aliyeshika mahali pake alilifungua, akasoma yaliyotendwa, akaendelea pale alipoachia mwenzake. Hivyo ofisi ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe, iliyo ndefu kuliko maisha ya karani yeyote.

Barua pepe ya serikali nayo imekusudiwa kufanya kazi hiyo hiyo. Mtumishi hupewa anwani ambayo mwisho wake ni go.tz, ndiyo alama ya serikali ya Tanzania, na barua zipitazo humo hukaa katika mitambo ya serikali. Mtumishi akiondoka, wakubwa wake waweza kuzipata. Lakini anwani ya mtu binafsi hukaa katika mitambo ya kampuni, na mara nyingi kampuni hiyo iko ng'ambo. Tena ufunguo wake, yaani neno la siri, unao mtu mmoja tu. Akihamishwa, akistaafu, akigombana na wakubwa wake, au akifa, mlango umefungwa, na yaliyomo ni kama jiwe lililotupwa katika Ziwa Tanganyika.

Wenye kutunga sheria waliliona jambo hili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikusema kwamba kumbukumbu ya serikali ni karatasi tu, bali ni habari iliyoandikwa kwa namna yoyote. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa kila raia ruhusa ya kuomba habari zilizo katika ofisi za umma, na ofisi imepewa siku zisizozidi 30 za kumjibu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaweka Mamlaka ya Serikali Mtandao, isimamie mambo haya yote ya mitambo. Na mara kwa mara watumishi wamekumbushwa kwamba barua za kazi ziandikwe kwa anwani za serikali. Mtu akisoma hayo aweza kusema: Basi shauri limekwisha, sheria imesema. Lakini sisi hatuulizi sheria tu. Twauliza kwa nini sheria imesema hivyo, kwa maana mtu aishikaye sheria bila kuijua sababu yake, siku ya shida huiacha upesi.

Sababu ya kwanza ni hii: mtu ni mmoja, na cheo alichopewa ni kingine. Wazee wetu wa Buha na jirani zetu wa Burundi walilijua jambo hili kabla ya kuja vitabu. Katika Burundi ilikuwako ngoma iitwayo Karyenda, ndiyo alama ya ufalme. Mwami alikufa, akaja mwingine, ngoma ikabaki. Haikuwa ngoma yake ya kuchezea nyumbani. Alikuwa mlinzi wake kwa siku zake tu. Martin Luther naye, katika mahubiri yake juu ya Injili ya Mathayo sura 5 hata 7, alipambanua mtu mwenyewe na kazi aliyokabidhiwa: mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe, lakini hakimu hana ruhusa ya kusamehe kwa ukarimu deni la mtu mwingine. Na watu wa nchi yetu waliojifunza ahadi za TANU hawakusahau neno lile kwamba cheo ni dhamana. Mawazo haya yametoka mahali mbalimbali, wala hayakuandaliwa pamoja, lakini yote yaonyesha upande mmoja.

Basi, barua ya kazi imeandikwa na nani? Mkono ni wa mtu, lakini neno ni la cheo. Mkuu wa wilaya akiandika kwamba kiwanja fulani ni cha shule, neno lake lina nguvu si kwa sababu yeye ni mtoto wa fulani, wala kwa sababu ana maandishi mazuri, bali kwa sababu watu wote wamemkabidhi cheo kile. Nguvu ya barua yatoka kwa watu. Kwa hiyo barua yenyewe ni ya watu. Mtumishi aitiaye katika sanduku lake mwenyewe amechukua kitu kisicho chake, ijapokuwa hakukusudia kuiba, ni kama karani achukuaye daftari ya kodi akailaze chini ya kitanda chake. Labda hataharibu hata ukurasa mmoja. Walakini daftari si ya kulala pale.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ili kuieleza twataka kuchukua mfano wa nchi ya mbali, kwa maana ulitangazwa duniani kote.

Bibi Hillary Clinton alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani tangu mwaka 2009 hata 2013. Siku hizo hakutumia anwani ya wizara kwa barua zake za kazi, bali alitumia anwani yake mwenyewe, na mtambo wa kuhifadhi barua hizo ulikuwa katika nyumba yake huko Chappaqua, jimbo la New York. Mwezi wa Machi 2015 gazeti la New York Times lilitangaza habari hiyo. Wizara ilikuwa imekwisha kutaka barua zake, na watu wake walizitenga mafungu mawili. Barua zaidi ya 30,000 walizipeleka wizarani, na nyingine zaidi ya 31,000 walisema ni za mambo ya nyumbani, nazo zikafutwa. Wapelelezi wa FBI walichunguza jambo hili, na tarehe 5 Julai 2016 mkuu wao, James Comey, alisema kwamba barua 110 zilikuwa na habari za siri wakati zilipoandikwa au kupokewa, na ya kuwa Bibi Clinton na wenzake walikuwa wazembe sana; walakini hakushauri washtakiwe. Mwezi wa Novemba mwaka ule Bibi Clinton alishindwa katika uchaguzi wa Rais, na wengi wamesema kwamba barua hizo zilikuwa sababu mojawapo.

Sisi hatumhukumu bibi huyo. Huenda kila barua iliyofutwa ilikuwa ya harusi ya binti yake na ya maziko ya mama yake, kama alivyosema mwenyewe. Lakini angalieni mahali palipo na jeraha. Ni nani aliyezitenga barua? Ni watu wake mwenyewe. Aliyetakiwa kutoa hesabu ndiye aliyechagua karatasi za hesabu. Kama ni mwaminifu, hana njia ya kuuonyesha uaminifu wake. Na kama si mwaminifu, hakuna awezaye kumshika. Hapo ndipo twaona ubaya wa jambo hili: lamfanya mtumishi kuwa shahidi wa pekee katika shauri lake mwenyewe, na pia mlinzi wa ushahidi, na pia mwamuzi wa ushahidi upi uletwe. Hakuna mtu awezaye kubeba mizigo mitatu hiyo, hata akiwa mwema. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari iliyo mikononi mwa mdaiwa peke yake haina tofauti na kukosa daftari.

Wala mtu asidhani kwamba ni kosa la chama kimoja au la nchi moja. Mwezi wa Machi 2025 wakubwa wa serikali iliyofuata baadaye ya Marekani, pamoja na Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth, walionekana wamezungumza habari za mashambulio ya Yemen katika Signal, ambayo ni programu ya simu isiyo ya serikali, na baadhi ya maneno yao yalikuwa yamepangwa kujifuta baada ya muda. Habari ilijulikana kwa sababu walimtia kundini kwa makosa mhariri wa gazeti la The Atlantic, Jeffrey Goldberg. Kumbe wale waliokuwa wamepiga kelele sana juu ya barua za Bibi Clinton walikuwa na marafiki waliokanyaga njia ile ile.

Katika Uingereza nako, tarehe 19 Oktoba 2022, Bibi Suella Braverman, ambaye baba yake alitoka Kenya, aliacha kazi ya Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa sababu alikuwa amepeleka maandiko ya serikali kwa anwani yake mwenyewe, nayo kwa makosa yakamfikia mtu asiyekusudiwa. Katika barua yake ya kuaga alikiri kwamba amekosa na ya kuwa yampasa kujiuzulu. Neno hilo lilikuwa jema. Lakini baada ya siku 6 tu alirudishwa katika kazi ile ile na waziri mkuu mpya, Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika. Mtu aweza kuuliza: Je, toba ya siku 6 yatosha? Sisi twasema kwamba kusamehewa kwaweza kuja saa ile ile, lakini kukabidhiwa tena ufunguo ni jambo lingine. Mtu akivunja mtungi wa jirani akasamehewa, haimlazimu jirani kumpa mtungi wa pili jioni ile.

Tena katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2011, Kamishna wa Habari alitoa mwongozo ulio na hekima, baada ya watu kumuuliza Waziri wa Elimu, Michael Gove, juu ya barua zake za anwani ya binafsi. Alisema kwamba barua ya kazi ya serikali haitoki katika sheria ya kupata habari kwa kuwa imewekwa katika sanduku la mtu binafsi. Maana yake, litazamwalo ni neno lililomo, si sanduku. Hilo ndilo tulilolisema juu ya ngoma: ukiipeleka nyumbani kwako haiwi yako.

Sasa twasikia wasomaji wengine wakisema: Maneno haya ni ya watu wa Washington na London; huku kwetu mambo ni mengine. Nasi twakubali kwamba wana sababu, na sababu zao zasikilizwe.

Wa kwanza asema: “Mtambo wa serikali umelala, mtandao hakuna, na bwana afya ana habari ya ugonjwa uliotokea kijijini. Je, angoje siku tatu ili atumie anwani iliyo halali, watu wakifa?” La, asingoje. Aandike kwa njia yoyote aliyo nayo, hata kwa simu ya mwanawe. Uhai wa mtu wapita taratibu ya barua. Lakini ugonjwa ukiisha kupewa dawa, na achukue barua ile aipeleke ofisini, iingie jaladani pamoja na wenzake. Haja ya kweli yamruhusu kupita kichochoroni. Haimruhusu kujenga nyumba kichochoroni. Na hapa ndipo tupimapo moyo: aliyetumia anwani yake kwa haja huirudisha barua bila kuulizwa, aliyetumia kwa kujificha hukasirika akiulizwa.

Wa pili asema: “Mtumishi naye ni mtu. Ana haki ya kumwandikia mkewe bila serikali kusoma.” Ni kweli kabisa, na ndiyo maana twataka masanduku mawili. Achanganyaye barua za kazi na za nyumbani, siku ya kuchunguzwa humweka mkewe na watoto wake mezani pamoja na mambo ya serikali, wageni wakasoma yote. Kutenga kwamlinda yeye mwenyewe kabla ya kuwalinda watu.

Wa tatu asema neno zito kuliko yote: “Hata majalada ya serikali yamefichwa na kuchomwa moto. Kwa hiyo kuna faida gani ya kuweka barua mahali pake?” Huyu ana ushahidi, tena wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Mwaka 1961, makoloni ya Waingereza yalipokuwa yakielekea uhuru, amri ilitoka London kwamba karatasi ziwezazo kuiaibisha serikali ya Uingereza zisiachwe mikononi mwa serikali mpya. Nyingine zilichomwa moto, na nyingine zilipakiwa zikapelekwa Uingereza kwa siri. Miaka ikapita. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, waliopata mateso katika makambi siku za Mau Mau, walipeleka mashtaka yao London. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ina majalada ya namna hiyo katika nyumba iliyoko Hanslope Park. Ya Kenya yalipata 1,500, na yote pamoja yalipata 8,800 kutoka makoloni 37, na Tanganyika ilikuwamo. Humo yalikutwa maandiko ya maofisa wenyewe, wakiandikiana juu ya yale yaliyotendeka makambini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ile ilitangaza masikitiko yake mbele ya Bunge, ikaahidi kulipa paundi milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Tufikiri vema juu ya habari hiyo, kwa maana yafundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, barua kuwekwa na serikali hakutoshi. Yapasa pia wananchi wawe na njia ya kuzifikia. Miaka karibu 50 wazee wale walisema kweli wakaitwa waongo, huku kweli yao imefungiwa ghalani. Hilo ni dhuluma, na anayesema kwamba majalada ya serikali si malaika, hasemi uongo. Lakini la pili ni hili: zile zilizosalia ndizo zilizowatetea. Kama maofisa wale wangaliandikiana katika masanduku yao wenyewe, kila mmoja akaenda nalo nyumbani kwake siku ya kustaafu, Hanslope Park pasingalikutwa kitu, na wazee wangalikwenda kaburini na neno lao peke yake. Mtawala mbaya huiogopa barua inayobaki. Kwa hiyo kumwonyesha njia ya kuandika barua zisizobaki ni kumwondolea hofu ambayo ilikuwa yamzuia kidogo.

Katika Maandiko nako tuna habari ya namna hiyo, ambayo makatekista wengi huipita upesi. Katika kitabu cha Ezra, sura 5 na 6, Wayahudi walipokuwa wakijenga hekalu, liwali Tatenai aliwauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Wakasema ni mfalme Koreshi. Lakini Koreshi alikuwa amekwisha kufa, na wao walikuwa watu wanyonge, ni nani angeamini neno lao? Liwali akamwandikia mfalme Dario, naye akaamuru nyumba ya kumbukumbu itafutwe. Haikuonekana mahali pa kwanza, ikaonekana katika mji mwingine, katika nchi ya Umedi. Basi ujenzi ukaendelea, tena kwa gharama ya mfalme. Angalieni: haki ya watu wanyonge ililindwa na karani ambaye jina lake halikuandikwa, aliyeweka gombo mahali pake. Kama Koreshi angaliitia amri ile mfukoni mwa nguo yake, hekalu lingalisimama nusu.

Na sasa turudi kwetu. Nyabibuye yetu ilikuwa katika wilaya ya Kibondo. Mwaka 2012 wilaya ya Kakonko ilitengwa na Kibondo, nasi tukawa watu wa Kakonko. Kwa hiyo mtu atakaye kujua yaliyoamriwa juu ya mipaka yetu kabla ya mwaka huo, yampasa kutafuta habari za Kibondo. Jalada laweza kuhamishwa kutoka boma hata boma, au kunakiliwa. Lakini barua iliyo katika anwani ya mtu haijui kama wilaya imegawanywa. Imemfuata mwenyewe hata Mtwara au Tanga alikohamishwa.

Tuweke mfano. Si habari ya mtu fulani. Tumeutunga ili jambo lionekane. Mjane ana shamba la migomba karibu na shule. Ua wa minyaa ndio mpaka. Mwaka mmoja wapimaji wanakuja, na alama zao zaingia ndani ya shamba. Mjane apeleka mashtaka yake, na ofisa mmoja mwenye huruma amjibu kwa barua pepe, kwa anwani yake mwenyewe kwa sababu ni nyepesi: “Mama, tumeona, mpaka ni ua, alama zitaondolewa.” Mjane afurahi. Ofisa yule ahamishwa. Baada ya miaka minne aja mwingine, aona alama, aona jalada tupu. Mjane asema: “Nilijibiwa.” Aulizwa: “Barua iko wapi?” Simu aliyoipokelea ilikuwa ya mjukuu wake, nayo imekwisha kuharibika. Hakuna mwovu katika mfano huu. Ofisa wa kwanza alikuwa mwema, na wa pili hufanya kazi yake kwa haki kwa kadiri aonavyo. Walakini shamba limekwenda. Huo ndio ubaya tuutafutao: wema usioacha alama waweza kumdhuru mtu sawasawa na ubaya.

Wazee wetu wasiojua kuandika walilikwepa jambo hili kwa njia yao. Katika Buha ya kale walikuwako wateko, waliosimamia mambo ya ardhi, na mpaka ulipowekwa uliwekwa mbele ya macho ya watu. Kumbukumbu haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa katika vichwa vya wengi, na mmoja akifa wengine walisalia. Jalada lilikuja kushika mahali pa mashahidi wale. Tukiwa tumewaacha mashahidi, kisha tukaliacha na jalada, tumebaki na nini?

Nao wageni wetu, je? Tangu mwaka 2015 watu wengi wa Burundi walivuka mpaka wakaingia nchi hii. Nyarugusu katika Kasulu ilikuwa na Wakongo tangu 1996, nayo ikajaa. Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena mwezi wa Oktoba 2015, na Mtendeli katika Kakonko mwezi wa Januari 2016. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021, watu wakahamishwa, na watumishi wakaenda mahali pengine. Kwa mkimbizi karatasi ni kama pumzi: ndiyo isemayo mtoto huyu ni wa nani, alizaliwa wapi, na ndugu yake alipelekwa wapi. Hatusemi kwamba barua za watu hao zimepotea. Twasema tu kwamba mahali watumishi wajapo na kuondoka upesi hivi, barua yoyote iliyowekwa katika anwani ya mtu binafsi huondoka pamoja na begi lake.

Twafikia mwisho, na hapa twawageukia ninyi wenyewe, ndugu makatekista, wazee wa kanisa na wahazini. Ni rahisi kuwanyoshea kidole maofisa. Lakini daftari ya ubatizo ya mtaa wako iko wapi? Iko katika kabati la kanisa, au katika sanduku lako la nguo? Barua juu ya kiwanja cha kanisa zimo katika jalada la usharika, au katika simu ya mchungaji aliyekwisha kuhamishwa? Hesabu ya sadaka ya mavuno hupelekwa kwa nani, na nakala hubaki wapi? Mtume Paulo alipochukua mchango wa makanisa kwa ajili ya watu wa Yerusalemu hakwenda peke yake. Wajumbe wengine waliandamana naye, ili asiwepo mtu wa kumlaumu, naye aeleza sababu hiyo katika Wakorintho wa Pili sura ya 8. Hakuwa mwizi, lakini hakutaka kuwa shahidi wa pekee wa uaminifu wake mwenyewe. Ikiwa Paulo aliona yampasa hivyo, mimi na wewe tu nani?

Basi, shauri letu ni fupi. Kila usharika uwe na anwani yake ya barua pepe, yenye jina la usharika, wala si la mtu, na neno lake la siri lijulikane na watu wawili walioaminiwa. Barua ya kazi ikikufikia katika simu yako, usiifute. Ipeleke huko, au inakili kwa mkono katika daftari, uandike tarehe. Ukienda ofisi ya serikali kwa shauri lolote, ukajibiwa kwa njia ya mtu binafsi, mwombe ofisa kwa heshima: “Bwana, tafadhali jibu hili liingie jaladani, nipate na namba yake.” Si kumdharau, wala si kumshuku. Ni kumsaidia, ili wema wake usiondoke pamoja naye.

Na siku utakapohamishwa wewe, ewe katekista, na mwenzako aje ashike mahali pako, na akute daftari mezani, imeandikwa hata siku ya mwisho uliyofanya kazi. Asihitaji kukupigia simu kuuliza mtoto fulani alibatizwa lini.